Vishikwambi vya shule vimefungiwa stoo na mtoto anachora kibodi kwa rula, kwenu hali ikoje?

Mamake Swafaa (Amu)

Asalam aleikum jamani, hamjambo. Nauliza walimu na wazazi wa huku kwetu pwani ya Kenya, Lamu, Malindi, hata Tana River kama mko humu. Binti yangu yuko gredi ya 8. Juzi narudi sokoni nikamkuta barazani kalala kifudifudi juu ya karatasi ya manila, rula mkononi, anachora visanduku vidogo vidogo na kila kisanduku anakitia herufi, Q, W, E, R, T, Y. Wafanyani mama? Akanambia ni kibodi, mwalimu wa Pre-Technical, lile somo la ufundi, amesema kila mtu aje na yake wafanye mazoezi ya vidole, vya kushoto vikae hapa, vya kulia vikae hapa, dole gumba ndo la kubonyeza nafasi. Herufi moja ameikosea akafuta weee mpaka manila imetoboka, akaziba na selotepu. Nilicheka kisha nikanyamaza.

Manake shule hio hio ndo ile iliyoletewa vishikwambi vya serikali, zile tableti, wakati kakake yuko madarasa ya chini. Masanduku yalishushwa gatini, punda wakayabeba, sisi wazazi tukaitwa, tukapigwa picha. Leo viko stoo. Mlango una kufuli mbili, ukiuliza waambiwa ufunguo anao hedi, na hedi mwenyewe ukimuuliza asema vile ni vya watoto wadogo, si vya junior, yaani gredi ya 7 mpaka 9. Sasa, hilo ni kweli? Na kama vimeharibika nani wa kuvitengeneza, shule, serikali kuu, gavana ama sisi? Na mzazi ana haki ya kuomba aonyeshwe au nitaonekana nachokoza watu? Sitaki ugomvi na mwalimu mkuu, ni mtu mzuri na twasalimiana vizuri, lakini huyu mtoto mwaka kesho ana mtihani wa gredi 9, aufanye hajagusa kibodi ya kweli?

Demani

Dada pole sana. Mimi nilisema tangu 2013 walipokuja na ahadi ya laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza, nikasema hii ni siasa. Zabuni ya kwanza ikafutwa, laptopu zikageuka tableti, 2016 wakajaribu na shule 150 halafu ndo zikamwagwa nchi nzima, zaidi ya milioni moja. Milioni! Na huku kwetu Magarini kuna watoto wanasomea chini ya mkorosho. Ungeniuliza mimi ningejenga madarasa na vyoo kwanza, hizo tableti zingekuja baadaye.

Ticha wa Msingi (Malindi)

Demani kaka yangu, siasa ilikuwepo sikatai, lakini naandika kama mtu aliyefunza nazo na sitakubali kusema mpango wote ulikuwa bure. Mamake Swafaa, hii itakuwa ndefu, tafuta chai.

Karibu kila shule ya msingi ya umma ilipewa seti. Tableti za watoto, laptopu za mwalimu, projekta, na kisanduku kimoja ambacho ndani yake ni serva na rauta pamoja. Hicho kisanduku ndo roho ya mambo yote na ndo kitu ambacho shule nyingi hazikukielewa. Masomo yamehifadhiwa humo ndani. Unakiwasha, kinatoa waifai yake ya pale pale darasani, tableti zinaishika, watoto wanafungua somo. Intaneti haitakikani kabisa. Mimi nimeona na macho yangu watu wamekaa miaka wakingojea waletewe intaneti ndo waanze, na kisanduku kiko juu ya kabati kimefunikwa kitambaa cha meza na juu yake kombe la mpira. Na kabla vifaa havijaja serikali ilivuta stima mashuleni, zile zilizo mbali na gridi zikafungiwa sola, kwa hivo hata shule ambayo haijawahi kuwasha tableti moja leo ina balbu na soketi kwa sababu ya ule mpango. Hilo pia tulihesabu.

Sasa mbona viko stoo. Hedi alisainia. Kila kifaa kina namba yake, na kikipotea yeye ndo wa kwenda polisi kuandikisha, yeye ndo wa kujieleza ofisini, na mwalimu mkuu akihamishwa wanakabidhiana zile tableti moja moja kama askari wanavyokabidhiana bunduki. Dirisha la darasa halina grili, askari wa usiku ni mzee mmoja na tochi yake. Wewe ungefanya nini? Ungefunga.

Halafu kuna pesa. Mtoto wa msingi serikali inamtolea shilingi 1,420 kwa mwaka. Kwa mwaka, si kwa mhula. Humo mna chaki, tokeni za stima, kutengeneza mlango wa choo, karatasi za mitihani, maji. Fungu la kusema hizi ni za kutengeneza tableti au za kubadilisha betri, halipo. Vifaa vilikuja kama mradi, vikazinduliwa, na mradi ukiisha hakuna aliyeachiwa kazi ya kuvitunza. Kioo kikivunjika kinakaa hivo hivo, chaja ikiungua zinakuwa tableti kumi kwa chaja tatu, mwisho zote zinaingia sandukuni. Mimi hili ndo linaniuma kuliko hio hadithi ya zabuni, kwa sababu shida ya zabuni iliisha na hii ya matunzo haijaanza hata kuzungumzwa.

Na walimu. Tulifunzwa siku chache hivi, waliofunzwa wengine wamestaafu, wengine wamehamishwa makwao bara. Wale wa junior walioingia 2023 wamekuta milango imefungwa, wengi wao hawajui hata hicho kisanduku kipo. Ni vijana wanaoijua kompyuta vizuri kutushinda sisi wazee, na ndo wanachoresha watoto manila!

Kuhusu hilo la vya watoto wadogo. Hapo hedi yuko nusu sawa. Masomo yaliyowekwa mwanzo yalikuwa ya madarasa ya chini, mtoto wa gredi 8 hatapata la kusoma. Lakini kifaa chenyewe hakijui gredi. Mtaala wa CBC umeuweka ujuzi wa kidijitali kati ya umilisi 7 ambao mtoto atakiwa aupate tangu chekechea, na walipopunguza masomo ya junior 2024 kompyuta ikaingizwa ndani ya Pre-Technical pamoja na biashara. Sasa utafunzaje hio bila kifaa, na vifaa viko mita hamsini kutoka darasani? Zile laptopu za mwalimu zina kibodi ya kweli. Kwangu mimi huweka projekta ukutani, mtoto mmoja anakaa kwenye laptopu anaandika jina lake na kijiji chake, darasa zima linaona na linampigia kelele ni P si O! kisha anapokea mwingine. Kipindi kimoja hawamalizi wote lakini wiki inayofuata unaendelea ulipoachia. Si ajabu kubwa lakini wamegusa.

Fundi Sabaki

Naongeza ya ufundi tu. Kama vimekaa stoo muda mrefu msije mkafungua sanduku na kuchomeka vyote kwa furaha, ngojeni kwanza. Shika kila kimoja uangalie mgongo. Ukiona umevimba au kioo kimeinuka pembeni hio ni betri, usichaji, usibonyeze, usitoboe kuangalia ndani kuna nini, weka kando nje penye hewa mbali na makaratasi. Ambavyo viko bapa chomeka viwili vitatu kwa wakati na mtu akae hapo. Betri iliyokauka kabisa inaweza kukaa nusu saa haionyeshi hata taa, usiitupe, ingoje.

Huku kwetu adui ni chumvi. Tundu la chaja linaota kutu ya kijani kama shaba ya zamani, watu wanasema tableti imekufa kumbe ni tundu. Mswaki mkavu laini, spiriti kidogo, futa, acha ikauke vizuri ndo uchomeke. Mchele hausaidii kitu jamani, mchele pikeni. Serva ikikataa kuwaka anzia kwenye adapta, mara nyingi ni hio, na adapta si bei mbaya ukilinganisha na serva.

Zikipona msizijaze mia kwa mia na kuzifungia tena. Ziacheni kwenye nusu, juu ya rafu si sakafuni, na kila baada ya miezi michache mtu azitoe apige chaji. Hii kazi hata watoto wa gredi 8 wanaiweza, na wataikumbuka kuliko hio kibodi ya manila.

Mwana wa Pate

Nyie wa Malindi mwazungumza stima na soketi, mashallah. Huku kwetu visiwani ni hadithi nyingine. Sola iliwekwa, betri zikafa, paneli ziko yuu ya bati zapigwa na jua bure na hakuna wa kuzigusa, manake fundi wa kumlipa nauli ya boti na kazi humpati kwa ile 1,420. Wakati wa kusi hata ukimlipa hatoki.

Na mimi nina jambo langu la muda. Serikali yataka dijitali sana kwa karatasi zake yenyewe. Kumsajili mtoto ni mtandaoni, na asiyesajiliwa mgao wake hauji. Tathmini ya mwalimu ni mtandaoni. Alama za watoto za gredi 4, 5, 6 zapakiwa mtandaoni na tarehe ya mwisho iko. Sasa njooni muone walimu wetu yuu ya ukuta wa bahari wakati wa magharibi, simu zimeinuliwa, kila mtu na simu yake na bando alonunua mwenyewe, mtandao waja waenda, alama za darasa zima zafika nusu kisha duara lazunguka lazunguka. Hayo yote yafanywa kwa mshahara wa mwalimu. Kisha waniambia hakuna pesa ya chaja ya mtoto.

2020 mwezi wa Machi shule zilipofungwa kwa korona masomo yakapelekwa redioni na kwenye chaneli ya televisheni ya KICD, ile taasisi ya mitaala. Mwenye televisheni alitazama. Vishikwambi wakati huo viko wapi? Stoo. Kama kuna siku vingetolewa vikaenda majumbani ni siku hizo.

Demani

Mwana wa Pate umenimalizia maneno. Mimi nauliza, si waruhusu watoto waje na simu basi? Kila nyumba ina simu siku hizi.

Ticha wa Msingi (Malindi)

Kila nyumba ina simu, kaka, lakini simu gani. Darasani kwangu nikiuliza nani nyumbani kuna simu mikono yote juu, nikiuliza ya kugusa kioo mikono inashuka, wengi ni kabambe. Na ile ya kugusa ni ya baba na baba yuko kazini kwenye chumvi Gongoni mpaka jioni. Ukiruhusu simu shuleni umegawa darasa mara mbili kabla hujafunza kitu. Tableti za shule hata ziwe mbovu, uzuri wake ni kuwa mtoto wa mvuvi na mtoto wa karani wanashika kifaa kimoja.

Mamake Swafaa (Amu)

Wallahi nimesoma yote. Ticha ahsante kwa kweli, sikuwa najua habari ya serva hata kidogo. Hilo la simu nalo niongeze. Kazi za nyumbani huja, tafuteni picha ya wanyama wa mbugani mprinti, tafuteni ramani mprinti, usiku saa mbili naenda saiba Langoni nasimama foleni na wazazi wenzangu kila mtu na daftari la mtoto. Picha ya rangi bei yake si ya nyeusi, na mwenye saiba ashajua, yuatungoja. Ati mtoto ndo anajifunza dijitali, kumbe ni mamake na mwenye saiba. Projekta ikiwa inafanya kazi hio ramani si ingeonyeshwa ukutani wote wakaiona bila hata shilingi?

Bado lakini hamjanijibu, niende kwa nani?

Binti Shela

Bi mkubwa nikujibu mimi maana nimewahi kukaa kwenye bodi ya shule.

Kwa gavana usiende, utapoteza muda wako na wake. Katiba ya 2010 imewapa kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, shule ya msingi na junior ni serikali kuu. Watu huku hupeleka kila kitu kaunti kwa sababu ofisi iko karibu. Mbunge ndo ana NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, na hio inaruhusiwa kwenda kwa miundombinu ya shule, grili za madirisha, mlango wa chuma, chumba cha kompyuta. Ukiomba grili unaomba kitu kidogo chenye jibu, na ukishapata grili hedi hana tena sababu ya kufungia stoo. Ukiomba maabara nzima ya kompyuta utaambiwa subiri bajeti.

Pa kuanzia ni BOM, yaani bodi ya shule. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inataka wazazi wawe na wawakilishi 6 humo, sasa tafuta wako ni nani, huenda ni jirani yako na hujui. Usiende peke yako na usiende na maneno ya vifaa vimeliwa, enda na maneno ya tunaomba orodha, vilikuja vingapi, vinavyowaka vingapi, vilivyokufa vina shida gani. Orodha haimtukani mtu. Mwalimu mkuu atafurahi hata, kwa sababu akiwa na orodha iliyoandikwa kwenye kumbukumbu za kikao vile vilivyokufa haviko tena shingoni mwake peke yake. Ikishindikana kabisa kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016, raia yeyote anaandika barua kuomba rekodi za ofisi ya umma na wana siku 21 za kujibu. Lakini hio iache mfukoni, kwenye mji mdogo kama wetu barua ya sheria inakaa kwenye midomo ya watu miaka.

Na kwa Mwana wa Pate, hilo la mtandao lina mlango wake. Kampuni zote za simu hukatwa asilimia 0.5 ya mapato yao ya mwaka zinaingia kwenye Mfuko wa Huduma kwa Wote ulio chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Kazi yake ni hio hio, minara mahali ambapo biashara hailipi, na umelipia shule za upili intaneti pia. Yaani hilo bando unalonunua ukutani mwa bahari, sehemu yake imeenda kwenye mfuko wa kukuondoa hapo ukutani. Chifu na mbunge wa Lamu Mashariki wakiandika pamoja na wazazi na kutaja kata ndogo kwa jina, ombi lina uzito kuliko sisi kulalamika humu.

Mwana wa Pate

Binti Shela ahsante, hii ya asilimia nilikuwa siijui. Kuandika tutaandika. Ila niruhusu nicheke kidogo kwanza.

Demani

Mimi bado nasema madarasa kwanza. Lakini hilo la grili nalikubali, grili ni kitu unakiona.

Mamake Swafaa (Amu)

Nawaletea habari. Nimempata mwakilishi wetu wa BOM, kweli bwana ni wa mtaa wa pili na hunywa kahawa na mume wangu kila alasiri, tukaenda pamoja na yule mwalimu kijana wa Pre-Technical. Hedi hakukasirika hata, alishusha pumzi, akasema mimi nimeviogopa hivi vitu tangu nikabidhiwe. Stoo ikafunguliwa. Vumbi, harufu ya popo, masanduku yapo yote yamepangwa vizuri sana na kila moja lina orodha yake kwa mkono wa hedi wa zamani, hata kimoja hakijaibiwa! Tableti zilizovimba zipo tumeziweka nje barazani kama alivyosema Fundi. Tatu zimewaka pale pale. Laptopu moja ya mwalimu imewaka nyingine la. Projekta inawaka lakini waya wake wa stima umeliwa ganda na panya. Kisanduku cha serva tumekipata, adapta haipo, kuna alama ya vumbi ya pale ilipokuwa.

Kikao cha BOM kitakuwa wiki ijayo na grili imeandikwa kwenye ajenda. Mwalimu kijana amesema laptopu moja kwake yatosha kuanza, atawapokeza wawili wawili. Sasa Fundi Sabaki hio adapta nitaijuaje ni ya kipimo gani, nisije nikanunua ya kuiunguza?

Fundi Sabaki

Geuza serva chini, kuna kibandiko kidogo, piga picha isome vizuri nione volti na ampea, na nyingine upige tundu lenyewe kwa karibu na sarafu ya shilingi moja pembeni nijue upana. Volti lazima ilingane sawasawa, ampea ikizidi sio neno, ikipungua ndo shida. Nikiipata hapa Malindi naipa basi la asubuhi la Mokowe, wewe mtume mtu wa boti aichukue kituoni. Waya wa projekta usinunue, mara nyingi ni ule ule wa kompyuta ya mezani, uliza hapo saiba kwako Langoni hawakosi mmoja wa zamani.